Mama Alivyojiuzia Mkaa Wake Mwenyewe

Baba alipunguzwa kazi katikati ya miaka ya 1990, kipindi ambacho karibu kila mtaa wa Temeke ulikuwa na mzazi aliyerudi nyumbani na barua kama yake. Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992 ilikuwa imefungua njia ya mashirika ya serikali kubinafsishwa au kufungwa kabisa, na kiwanda alichokitumikia tangu ujanani kilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Kiinua mgongo kililipwa kwa mafungu, tena kwa kuchelewa, hata fungu la pili lilipotoka, la kwanza lilikuwa limeshaliwa na hilo la pili lilikuwa na wenyewe. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Tandika, Dar es Salaam: wazazi, watoto wanne, na bibi mzaa mama aliyekuja mjini kutibiwa. Mshahara ulikata, midomo haikupungua.

Naandika kumbukumbu hizi kwa sababu niliyoyaona mama akiyafanya miaka ile yamenifaa ukubwani kuliko ushauri wowote wa fedha niliousikia kwenye semina au redioni. Ushauri mwingi huanza na kuishia kwenye kupunguza: punguza nyama, punguza sukari, punguza nauli. Nyumba yetu haikuwa na cha kupunguza. Mama aligundua kwamba nyumba yenye kipato kidogo humalizwa zaidi na udogo wa vipimo inavyonunulia, na kwamba kutoka humo kunahitaji watu, si mtu mmoja anayejinyima.

Dhiki mbili tofauti

Haikuwa dhiki yake ya kwanza. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ilivyopanda miaka hiyohiyo, nchi iliishiwa fedha za kigeni na maduka yakabaki matupu. Watu wa rika la wazazi wangu wanakumbuka foleni za maduka ya kaya, sabuni ya kugawiwa, unga wa mahindi ya njano ulioitwa unga wa Yanga, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Hela ulikuwa nayo, kitu hukioni. Ustadi wa wakati ule ulikuwa kujua mzigo umefika wapi na kuwahi foleni kabla ya adhana ya alfajiri.

Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara yalilegezwa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata bidhaa zikarudi kwa kishindo. Baba anapunguzwa kazi, duka la mtaani kwetu limejaa mpaka darini. "Zamani tulishika hela tukakosa sukari," mama alikuwa akimwambia bibi. "Sasa sukari inatutazama, hela ndiyo haipo."

Tena hela zenyewe zilikuwa zimeongezewa kazi. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa kwa utaratibu wa kuchangia gharama, na shule za msingi zilikuwa na ada na michango, kwani ada hiyo ilikuja kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo kipato kilipungua wakati uleule ambao bibi alihitaji dawa za kununua na sisi tulihitaji karo. Ustadi wa foleni haukusaidia kitu. Ilibidi mama ajifunze upya.

Bei ya udogo

Kwanza tuliangukia kwenye vitu vya kupima, kama nyumba nyingine zote zilizokosa mshahara. Sukari robo. Majani ya chai ya kufungiwa kwenye kipande cha gazeti. Mafuta ya taa ya kujaza kibatari cha usiku mmoja. Mkaa wa kopo. Sabuni kipande. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa, na dukani kwa Mangi, kama tulivyomwita muuza duka wetu, vipimo vya bati vyenye mikono mirefu vilining'inia ukingoni mwa pipa la mafuta kwa ukubwa wao, kuanzia kikubwa hadi kile kidogo cha kwetu. Alikizamisha, akakiinua, akamimina kwenye chupa yangu kupitia mrija. Mama alikuwa ameniagiza: "Usiondoe chupa mpaka kipimo kikauke." Basi nilisimama nikitazama tone la mwisho likikusanyika ukingoni mwa bati, likirefuka, likidondoka, na wateja nyuma yangu wakianza kunung'unika.

Nilidhani tone lile ndilo lililokuwa linatupunja. Mama alijua kwamba kilichotupunja ni safari yenyewe. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa hata leo. Tuseme mche wa sabuni unauzwa shilingi 3,000, na dukani hukatwa vipande 8, kila kimoja shilingi 500. Anayenunua kipande leo na kingine wiki ijayo, mpaka vyote 8 viishe, atakuwa ametoa shilingi 4,000. Amefua nguo zilezile alizofua jirani aliyenunua mche mzima, na amelipa theluthi moja zaidi. Fanya hivyo kwenye mafuta, sukari, mchele, unga na mkaa, kila siku, mwaka mzima. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa vibarua vya baba na maandazi ya mama.

Mangi hakuwa mwizi, na mama hakuruhusu tumseme hivyo. Yeye ndiye aliyetoa mtaji, akabeba mzigo kutoka Kariakoo, akakata mche, akavumilia vipande vilivyovunjika na wateja waliokopa wakahama. Ile ziada ilikuwa malipo ya subira yake. Shida ni kwamba subira hiyo tulilipia sisi tusionacho. Mwenye mshahara alinunua gunia na dumu akalipa bei ndogo. Asiye na mshahara alinunua kopo na kipimo akalipa bei kubwa. Kwa uzito wa kitu alichopata, maskini ndiye aliyekuwa ananunua ghali kuliko wote mtaani, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Daftari kabla ya kisu

Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Alichukua daftari la zamani la kaka yangu lenye kurasa zilizobaki, akaliweka juu ya kabati pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kwa mwezi mzima hakubadilisha lolote, aliandika tu. Kila kitu kilikuwa na mstari wake, na kila tulipokinunua aliongeza kijiti kimoja. Baba alikuwa na hakika kwamba kinachotumaliza ni nyama. Mwezi ulipoisha, nyama ilikuwa na vijiti vya kuhesabika kwa vidole, mkaa ulikuwa umejaza mstari na kuvuka kwenda wa pili, na mafuta ya taa na sabuni vilifuata.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nalishikilia mpaka sasa: usikate kabla hujaandika. Mtu aliyebanwa hukata anachokiona kikubwa, na mara nyingi kile kikubwa hununuliwa mara chache. Kinachomaliza ni kidogo kinachorudi kila siku bila kuonekana. Nyumba nyingi ninazozijua zimeacha nyama, zikakasirika, zikagombana, na mwisho wa mwezi shimo liko palepale, kwa sababu mkaa wa kopo haukuguswa.

Kopo na kibubu

Kuacha mkaa wa kopo kulihitaji gunia, na gunia lilihitaji fedha za mkupuo, ambazo hatukuwa nazo. Zilitoka kwenye upatu. Wanawake wa mtaani kwetu, wakaanga maandazi, washonaji, wauza mboga, walikuwa wakichanga kiasi kilekile kila wiki kwa kijumbe, na kila wiki mmoja wao akapokea chungu kizima. Watu huuona upatu kuwa mchezo wa akina mama, lakini ndani yake kuna hesabu nzito. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Anayepokea wa mwisho amejiwekea akiba ambayo asingeweza kuilinda mwenyewe nyumbani, kwa sababu hela iliyo ndani huombwa na kila mwenye shida. Na yote yanasimama juu ya uaminifu wa kijumbe, anayejua nani ana mgonjwa, nani ana mtoto anayekwenda shule, na zamu gani ibadilishwe na nani.

Mama aliomba zamu iangukie kiangazi, kabla ya masika. Mkaa wa Dar es Salaam ulitoka mapori ya Mkoa wa Pwani na mikoa ya mbali zaidi, na mvua zikishika, magari hukwama kwenye tope na bei hupanda mjini. Wenzake wengi walitumia zamu kununua vitenge, masufuria au kitanda, naye hakuwadharau, maana mtu anahitaji pia kitu cha kumpa moyo. Yeye alinunua gunia la mkaa. Lilipangwa juu ya matofali kwenye kona ya ukumbi ili unyevu wa sakafu usilipate.

Gunia lina hatari yake. Likiwa limejaa, kila mtu hukoleza moto. Mama alilijua hilo, na alichofanya ndicho kitu chenye akili zaidi nilichowahi kuona katika mambo ya fedha. Alichukua kopo la Blue Band, lilelile ambalo wauza mkaa wa mtaani walipimia. Kila asubuhi na kila jioni alichota kutoka kwenye gunia lake makopo yaleyale tuliyozoea kununua, si zaidi. Kisha alichukua bei ya makopo hayo, ile bei ya muuza mkaa wa mtaani, na kuitumbukiza kwenye kibubu cha mbao. Siku isiyokuwa na hela alichora alama ukutani kwa kipande cha mkaa, na maandazi yakiuzika vizuri alilipa deni hilo mbele yetu na kufuta alama kwa kitambaa. Alijiuzia mkaa wake mwenyewe, na hakujikopesha bila kujidai.

Gunia lilipoisha baba alikigonga kibubu kwa nyundo. Ndani mlikuwa na fedha za gunia jingine, na juu yake ziada: ile ziada iliyokuwa ikienda kwa muuza mkaa. Hakuna aliyekuwa ameongezewa kipato, na hakuna aliyekuwa amelala njaa. Ziada ile ilinunua katoni ya sabuni ya miche. Sabuni nayo ikawekewa utaratibu uleule, na faida yake ikaanza kuchangia dumu la mafuta. Ilichukua sehemu kubwa ya mwaka kuhama kutoka kitu hadi kitu, kwa sababu mama hakukubali kuanza cha pili kabla cha kwanza hakijasimama. Wengi huanguka hapo: hutaka kununua kila kitu kwa jumla mwezi mmoja, wanakopa ili wafanye hivyo, na deni linameza faida yote.

Kila mtoto alipewa kitu cha kulinda. Mimi nilipewa sabuni. Mche ulipofunguliwa niliukata kwa uzi, nikavipanga vipande juu ya kabati, vimeachana, vikae siku kadhaa hadi vikauke. Sabuni iliyokauka haiyeyuki upesi majini. Vipande vyembamba vilivyobaki nilivikusanya kwenye kikombe, nikaviroweka, vikawa ute wa kusafishia masufuria. Mtoto aliyepewa kitu cha kulinda hahitaji kuambiwa hali ni ngumu. Anaijua, na anajua pia kwamba kuna analoweza kulifanya.

Jikoni

Utaratibu wa moto ulibadilika. Jiko liliwashwa mara moja kwa jioni na likafanya kazi zote kwa zamu: maharage kwanza, moto ukiwa mkali; ugali ukifuata; kisha maji ya kunywa, na mwisho maji ya bibi kuoga juu ya makaa yanayofifia. Makaa yaliyosalia yalifukiwa kwenye majivu ili yazimike, yakachanganywa kesho yake na mkaa mpya.

Maharage yalilowekwa tangu usiku uliotangulia, jambo ambalo peke yake hupunguza sana muda wa kuchemka. Bibi alituonyesha pia njia ya kijijini kwao: sufuria ya maharage ikishachemka kwa nguvu vya kutosha, unaifunika vizuri na kuitumbukiza kwenye kikapu kikubwa kilichojaa matambara na kanga kuukuu, unaizungushia pande zote, unaiacha. Joto lililomo ndani linamalizia kuivisha bila moto. Ila ni lazima maharage yachemke kweli kwanza, hasa yale mekundu, kwa sababu yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi.

Sokoni Tandika mama alikwenda jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani, akapata nyanya masalo kwa bei ya kutupa. Zilizolegea zilipikwa usiku uleule na kukaushwa hadi zikawa rojo nzito. Dagaa walinunuliwa kwa fungu kubwa, wakachaguliwa mchanga, wakaanikwa tena. Karanga zilizotwangwa ziliingia kwenye mchicha na kisamvu. Ugali kwa maharage, ambao wengi huuona mlo wa aibu, ni mlo wenye hekima: mahindi yana upungufu wa lisini, sehemu ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi, na vikiliwa pamoja kimoja hujaza pengo la kingine. Dagaa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo humpa mtoto madini ya chokaa ambayo minofu ya samaki mkubwa haimpi. Tulikula hivyo miaka yote ile na tukakua.

Pasipobanwa

Kulikuwa na mahali ambapo mama alikataa kabisa kubana, na orodha yake ni ya kutunzwa. Dawa ya bibi ilimezwa mpaka dozi iishe, hata kama nafuu ilikuja mapema, kwa sababu dozi iliyokatwa hurudisha ugonjwa ukiwa na nguvu zaidi. Maji ya kunywa yalichemshwa hata siku mkaa ulipokuwa umepungua, maana kuhara kwa mtoto mmoja kungemaliza akiba ya mwezi. Chumvi ilikuwa ya pakiti yenye madini joto, ingawa ile ya kupima ilikuwa rahisi, kwa sababu kliniki walikuwa wamemweleza juu ya rovu na akili za watoto. Jiko la mkaa halikuingizwa chumba cha kulala hata siku za baridi ya Julai. Hewa yake huua watu usingizini bila harufu wala kelele. Na uji wa asubuhi wa mdogo wetu haukuguswa na mtu.

Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisifiwa kwa kubana kila kitu. Kubana kunakomrudisha mtoto hospitali ni gharama iliyoahirishwa.

Deni na heshima

Deni kwa Mangi lilikuwepo, na halikuisha siku moja. Nakumbuka jioni niliyoongozana na mama kwenda dukani ilhali tarehe ya kulipa haijafika. Wengi tuliowajua walianza kuzunguka njia ya nyuma ili wasipite mbele ya duka. Mama alipita mbele.

"Habari za jioni, Mangi."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimekuja kukwambia mapema. Mwezi huu sitaweza kumaliza. Nitakupa nusu, na sitachukua kitu kipya mpaka nimalize hiyo iliyobaki."

Mangi alifungua daftari lake, akaandika, akamgeuzia mama asome. "Wewe umekuja," alisema. "Hao wasiokuja ndio wananisumbua."

Kuanzia siku ile, hata mambo yalipokuwa mabaya zaidi, mlango wa duka lile haukufungwa kwetu. Mdai anayeambiwa mapema anaweza kupanga. Anayekimbiwa hana la kupanga ila kukasirika. Na ile ahadi ya kutochukua kipya ilikuwa na uzito kuliko hela zenyewe, kwa sababu ndiyo iliyolikata deni mzizi.

Madeni ya leo ni ya hatari zaidi kuliko daftari la Mangi. Mitaani tunayaita kausha damu, na jina limefaa. Mkopo wa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unaonekana mdogo kwa sababu mwezi ni mfupi. Mtu aliyechukua shilingi 100,000 na akawa analipa riba tu kwa mwaka atakuwa ametoa shilingi 240,000, na ile laki moja bado anadaiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kila anayekopa ana haki ya kuiuliza kabla hajaweka sahihi wala kuacha kadi yake ya benki. Lakini ulinzi mkubwa ni kutokopa kwa ajili ya kitu kitakachoisha kabla ya deni. Ukikopa kwa ajili ya ugali, ugali unaliwa leo na deni linakula kesho.

Mezani, mbele ya wote

Jambo la mwisho nililolipata kwa wazazi wangu lilikuwa gumu kuliko yote, hasa kwa baba. Kwa desturi ya nyumba nyingi za wakati ule, mwanamume aliacha hela ya matumizi mezani na kwenda zake. Mke hakujua mume amepata ngapi, na mume hakujua zimekwendaje. Kazi ilipokwisha baba alianza kuondoka alfajiri kutafuta vibarua bandarini na kwenye ujenzi, na siku alizokosa alirudi usiku wa manane ili asituone tukimtazama.

Mama ndiye aliyelimaliza hilo. Alimwomba aweke mezani alichopata, hata kama ni nauli tu, naye akaweka za maandazi. Zikahesabiwa mbele yetu watoto, na kila kibubu kikapata chake. Siku ya kwanza baba aliinamisha kichwa. Baadaye akawa yeye ndiye anayetuita. Alianza kwenda mwenyewe kubeba magunia, akatengeneza vibubu vingine kwa mbao za mabaki, kimoja cha kodi, kimoja cha shule. Aibu yake iliisha alipoona kwamba kidogo chake kina mahali pake. Naamini mpaka leo kwamba nyumba ambayo mtu mmoja tu anajua idadi ya hela haiwezi kuzitawala. Na kazi yote ya kubana ikiachiwa mama peke yake, ni yeye anayeumia: analala wa mwisho, anakula wa mwisho, na hakuna anayemlipa kwa akili na jasho lake.

Utaratibu uleule, miaka mingine

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, shule binafsi niliyokuwa nafundisha ilisimamisha mishahara yetu mpaka zilipofunguliwa tena Juni. Nina watoto, nina kodi, na mume wangu ana biashara ndogo ambayo nayo ilikuwa imelala. Nilifungua daftari. Kijiti kwa kijiti, mwezi mzima. Kilichojaza mstari safari hii hakikuwa mkaa, kwani tunapikia gesi. Kilikuwa mafuta ya kula, mchele, na vifurushi vya simu vya siku moja. Vifurushi vya siku ndivyo mkaa wa kopo wa zama hizi: jumlisha vya mwezi mzima kisha linganisha na bei ya cha mwezi.

Sikuwa na upatu wa kungojea, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwama wakati mmoja. Nikaenda kwa majirani wawili. Tukachanga, tukanunua gunia la mchele na dumu la lita 20 la mafuta kwa bei ya jumla, tukagawana barazani. Tuliweka sharti moja ambalo lilituepusha na ugomvi wote: anayepima ndiye anayechagua wa mwisho. Hakuna anayekosea kipimo akijua kwamba fungu litakalobaki ndilo lake. Kisha kila mmoja kwake akajiuzia kwa kopo, akaweka bei ya dukani pembeni, wengine kwenye kibubu, wengine kwenye simu. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, na bei ilipopanda vibaya miaka miwili iliyofuata, sisi tulikuwa bado tunachanga, na tulikuwa na akiba ya dumu linalofuata.

Sisemi kwamba kopo na kibubu vinaweza kuponya mshahara usiolipwa. Mwajiri anayechelewesha mshahara humlazimisha mfanyakazi wake anunue kwa kupima, na kwa hiyo humpunguzia thamani hata ya ule atakaoulipa baadaye. Anayeamua kumlipa mtu kidogokidogo, au kumkatia kiinua mgongo mafungu, ajue kwamba ile theluthi ya ziada ya dukani inatoka mfukoni mwa mtu huyo. Hilo ni jambo la haki, na hatupaswi kulifunika kwa kuwasifu akina mama kwa uvumilivu wao.

Lakini anayesoma haya akiwa amebanwa leo hawezi kungoja haki ifike. Huyo namshauri aandike mwezi mmoja bila kukata kitu, achague kimoja tu chenye vijiti vingi, atafute wawili anaowaamini wachange wakinunue kwa jumla, kisha ajiuzie mwenyewe kwa bei ya dukani bila kujipunguzia hata senti. Faida ya kwanza itakuwa ndogo. Asiile, ainunulie cha pili.